Pakiti ya Kijani Chini ya Mgongo wa Kaa

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta, maana habari hii ina watu watatu tu, na wawili kati yao walikuwa na akili zao timamu.

Mimi ni fundi wa pampu. Kwenye kadi yangu ya kazi imeandikwa injinia mwandamizi, lakini pampu hazisomi kadi. Kampuni yetu iko Hsinchu, mji uliojaa viwanda vya chipu za kompyuta kiasi kwamba ungedhani mtu angeweza kwenda kazini kwa miguu na kurudi kwake kula. Wanaoweza hivyo ni wenzangu wenye watoto wadogo. Mimi sina mtoto, kwa hiyo nimepewa sanduku la magurudumu. Tainan, Kaohsiung, Taichung, na wakijisikia kunipenda zaidi, Kumamoto kule Japani.

Nje ya kazi nakwea miamba. Usinifikirie kama wale wastaafu wa Taipei wanaopanda vilima Jumapili na fimbo na chupa ya chai. Nasema jiwe lililosimama wima, kamba kiunoni, vidole ndani ya nyufa, na bahari huko chini inakutazama kama mpangaji anayesubiri chumba kiachwe wazi. Mama yangu hajawahi kuelewa. Kwake mkwezi ni mtu anayepanda juu akashuka na kitu. Mwanawe yeye hupanda, akashuka na mikono iliyochubuka, wala dafu moja hakuangua.

Mwamba wetu uko Longdong, pwani ya kaskazini mashariki, na aliyeuweka pale hakuwa na nia njema. Mwezi wa kumi upepo wa kaskazini mashariki huingia na mvua yake nyembamba isiyo na haraka, mvua inayonyesha kama kibarua anayelipwa kwa saa. Hukaa mpaka machipuko. Machipuko nayo yana mvua zake. Kiangazi jua huugeuza mwamba kuwa kikaango, na likichoka linaipisha tufani. Ukiondoa hayo yote zinabaki siku chache kavu na za ubaridi mzuri, na siku hizo Meneja Tu anazifahamu kama anavyofahamu wajomba zake.

Meneja Tu ni bosi wangu. Hajawahi kukwea hata ngazi ya kubadilishia balbu, lakini ana kipaji ambacho idara ya hali ya hewa ingemlipa vizuri: mawingu yakifunguka Longdong, mdomo wake unafunguka Hsinchu. "Po-yuan, fungasha." Basi nafungasha. Naenda kukaa chini ya taa za kiwandani siku za jua, halafu narudi nyumbani, na mvua inanipokea kituoni kama ndugu aliyetumwa kunisaidia mizigo.

Sasa, mwamba huu mtu haukwei peke yake. Mmoja anapanda, mwingine anabaki chini kashika kamba. Wa juu akiteleza, wa chini ndiye anayeamua kama jioni tutakula pamoja au tutasomewa majina msibani. Mshika kamba wangu ni Kao Yu-fen, mfamasia wa Keelung. Amenizidi miaka kadhaa, kwa hiyo namwita dada. Yeye huniita injinia, kwa sauti ileile anayotumia kumweleza mgonjwa kwamba dawa hii hainywewi na pombe.

Kwa miaka miwili mimi na yeye tulikuwa tukiisumbukia njia moja iitwayo Mgongo wa Kaa. Kuipanda huku ukidondoka na kuning'inia kwenye kamba, hilo hata mjomba wako anaweza. Heshima ni kuipanda kutoka chini hadi kwenye mnyororo wa juu bila kuanguka na bila kuiegemea kamba hata mara moja. Ukiiegemea, unashuka na kuanza upya. Karibu na mwisho mwamba unatoa tumbo, na pale inabidi uachie mkono wa kushoto, ujirushe, uukamate ukingo mwembamba kama mdomo wa bakuli. Sote wawili tulikuwa tumeukosa ukingo ule mara nyingi kuliko nitakavyokubali hapa.

Mwaka ule mambo yalikuwa yamembana Yu-fen. Bega lake la kulia lilikuwa linasubiri kisu cha daktari mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, na daktari alikuwa ameshamwambia kwamba baada ya hapo asahau kuning'inia kwa mwaka mzima, na huenda asirudi alivyokuwa. Kwa hiyo ilikuwa vuli ile au basi. Naye katika vuli ile alibadilishana zamu dukani mara tatu kwa ajili yangu, na mara tatu nikamwangusha: Kaohsiung, Kumamoto, Kaohsiung tena. Mara ya tatu ujumbe wangu ulimkuta ameshafika Fulong, kituo cha treni cha karibu na mwamba, na kamba mgongoni. Alinijibu kwa kunitumia picha ya anga. Buluu tupu, bila neno hata moja. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Halafu akanipigia kunieleza habari ya Jumamosi. Utabiri ulikuwa ukavu mpaka jioni, na baada ya hapo upepo ungeingia kwa msimu mzima. Alikuwa amebadilishana zamu kwa mara ya mwisho, kwa kuahidi kukaa dukani sikukuu yote ya Mwaka Mpya wakati nduguze wakila samaki bila yeye.

"Usipokuja," akasema, "kamba namkabidhi Chang."

Chang ni kijana mmoja wa kwenye ukuta wa mazoezi ambaye akikwea hupiga kelele kama anajifungua.

"Dada, Chang hajui hata kufunga fundo."

"Ila huwa anafika. Na akiishika kamba yangu Jumamosi, injinia, wewe hutaishika tena."

Nikaapa nitakuwepo. Siku iliyofuata Meneja Tu akatokeza kichwa juu ya kizuizi cha meza yangu akiwa na uso wa mtu anayeleta zawadi. Tainan. Kurudi Ijumaa jioni, akaapa na yeye.

Hapa lazima nikueleze habari ya Tulia.

Kuna vibisi fulani vya mahindi vya kukaangwa, vitamu, vya watoto, ambavyo jina lake kwa Kichina ni lile neno mama analomwambia mtoto msumbufu: tulia, kuwa mwema. Sijui nani alianza, lakini leo huwezi kuingia chumba cha mashine chochote kisiwani kwetu usikute pakiti ya Tulia imeketi juu ya mashine kama mjumbe wa nyumba kumi. Na ina masharti. Lazima iwe ya kijani, ile yenye ladha ya nazi, kwa sababu taa ya kijani maana yake mashine ni nzima. Ya njano ni onyo, nyekundu ni balaa. Anayeweka nyekundu juu ya mashine ya mteja ajitafutie kazi ya kuuza mayai. Tarehe isiwe imepita. Isifunguliwe, na mtu asiile. Mashine zenye thamani ya mtaa mzima, zilizobuniwa na watu wenye shahada tatu tatu, zinalindwa na kitu kinachouzwa karibu na peremende.

Mimi, msomi, huwa nawacheka wenzangu. Nawacheka huku nikigeuza pakiti kuangalia tarehe.

Ijumaa mchana nilikuwa nimemaliza. Pampu ya Tainan ilikuwa inanguruma kwa raha, kama paka aliyeshiba. Nikafungua simu kuangalia utabiri, na pale penye jua la Jumamosi pameota wingu. Nikafunga, nikafungua: wingu na matone. Nikafunga tena, nikafungua: jua nusu. Watu wa hali ya hewa walikuwa wananitania, kila mmoja kwa zamu yake.

Ndipo nikainua macho. Pakiti ile ilikuwa juu ya pampu, imebandikwa kwa gundi ya karatasi, kijani kibichi, ikinitazama. Wazo likaja, nami badala ya kulifukuza nikalikaribisha kiti. Kama kitu hiki kinatuliza pampu, mawingu yana ujeuri gani wa kukishinda? Ningeweza kununua yangu, ndiyo. Ila asubuhi ile nilipokuwa natafuta wali wa kufungashiwa nilikuwa nimeona rafu za maduka yote ya karibu: njano na nyekundu tu, maana mafundi wa Tainan wanazifagia za kijani kama watu wafagiavyo mchele tufani ikitangazwa. Na pampu ilikuwa nzima. Ningeirudisha Jumatatu, nani angejua?

Nikaibandua. Ikasafiri hadi kaskazini ndani ya begi, katikati ya viatu vyangu vya kukwea, na nadhani harufu hiyo peke yake ilitosha kuuondoa utakatifu wake.

Jumamosi asubuhi Yu-fen alinisubiri Fulong juu ya pikipiki yake ndogo. Hakunisalimia. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni kama anayehakiki cheti cha daktari, kisha akanipa kofia ya pili. Anga lilikuwa na mawingu lakini yamekaa mbali, upande wa baharini, kama watu wanaojadiliana kama waingie au wasiingie. Tukaiacha pikipiki barabarani, tukaruka mawe makubwa ya ufukweni mpaka chini ya Mgongo wa Kaa. Mwamba ulikuwa mkavu, isipokuwa ufa wa chini, uliokuwa bado unalia machozi ya manyunyu ya usiku.

Yu-fen akaanza kuikunjua kamba. Mimi nikatafuta kijirafu cha jiwe kimo cha kifua, nikaitoa pakiti, nikaipangusa kwa mkono wa shati, nikaisimamisha uso wake ukielekea baharini ili mawingu yaione vizuri.

"Hiyo ya nini?" akauliza.

"Mahindi tu, dada. Utani."

Akasogea, akainama. Nilikuwa nimesahau kwamba ubavuni mwa pakiti bado kulikuwa na kikaratasi cha gundi chenye mwandiko wa mafundi wa mteja. Akakisoma kwa sauti, polepole, kama asomavyo maagizo ya sharubati ya kikohozi: "Tainan. Chumba cha pampu. Usiguse."

Akaninyanyulia macho. "Umegusa."

"Ni mahindi, dada. Mimi ni mtu wa sayansi."

"Ladha ya nazi," akasema akiigeuza. "Angalau leo mkwezi ana nazi yake." Akairudisha mahali pake, na nikaona ameihakikisha imesimama sawasawa.

Likabaki swali la nani atangulie. Kwa kawaida tunaamua kwa mchezo wa mikono, ule wa jiwe, mkasi, karatasi. Siku ile mimi nikajawa na ukarimu wa ghafla. Nikamwambia dada, bega ni lako, vuli ni yako, tangulia wewe. Maneno mazuri, na ningekuomba uyakumbuke kwa uzuri wake, bila kuangalia ufa wa chini. Maana anayetangulia ndiye anayeupangusa ufa kwa kitambaa, ndiye anayening'iniza kulabu za kamba njia nzima, na anayefuata hukuta jiwe limeshakaushwa na meza imeshaandaliwa. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: ajaribu, ateleze pale tumboni kama siku zote, ashuke apumzike, nami nipande kwenye jiwe kavu nikamalize kazi. Halafu ningemtia moyo.

Yu-fen alinitazama, akautazama ufa, akafunga fundo lake.

"Asante, injinia," akasema. "Simu umezima?"

"Nimezima."

Sikuwa nimezima. Nilikuwa nimeipunguza sauti, na kwenye maisha ya fundi wa pampu hizo ni habari mbili tofauti.

Akaanza kupanda. Ufa wa chini aliupangusa kipande kwa kipande, bila haraka, akaning'iniza kulabu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nampa kamba na moyoni namshukuru kwa usafi. Alikuwa ameshapita nusu simu ilipoanza kutetemeka kifuani. Meneja Tu nimemwekea mlio wake wa peke yake, ule wa mashine iliyopata hitilafu, na hata ukipunguzwa namna gani hausikiki kama wimbo wa mapenzi.

Ikalia, ikanyamaza. Ikalia tena.

"Ni yeye?" Yu-fen akauliza kutoka juu, bila kugeuza kichwa.

"Si mtu."

"Ukiigusa, nakuangukia makusudi."

Sasa ukishika kamba ya mtu mikono yote miwili ina kazi. Hilo tunafundishwa siku ya kwanza, na siku ya kwanza hakuna anayetuambia kwamba simu italia mara sita mfululizo. Nilijua hakuna anayepiga mara sita kwa ajili ya kukusalimu. Kila ikilia namwona Meneja Tu na mshipa wake wa kwenye paji la uso, naiona pampu ya Tainan, nauona ule mraba mtupu juu yake. Mkono wangu wa kushoto ukaanza kupanda wenyewe kuelekea mfukoni. Niliuona ukienda, kama unavyomwona mlevi akielekea barabarani.

Kisha nikatazama juu. Yu-fen alikuwa amefika tumboni. Alikuwa ameganda pale, mguu mmoja juu ya kinundu cha jiwe, na hata kutoka chini niliona bega la kulia linatetemeka kama kamba ya kuanikia nguo wakati wa upepo. Angeomba nimvute kamba apumzike, ningemvuta, na vuli yake ingekuwa imeisha. Hakuomba. Nikaurudisha mkono wangu kwenye kamba. Simu ikaendelea kulia, nami nikawa naisikiliza kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani ikiungua.

Akaachia mkono wa kushoto. Akajirusha. Vidole vikagonga ukingo ule, vikateleza kidogo, vikakaa.

Hakupiga kelele. Chang angesikika mpaka Okinawa. Yeye alijivuta taratibu, akafika kwenye mnyororo, akaifungia kamba yake, akalaza paji la uso juu ya jiwe. Akakaa hivyo muda mrefu. Nami huko chini, pamoja na hesabu zangu zote za ujanja, nilijikuta napangusa macho begani, na sitaki maswali juu ya jambo hilo.

Nilipomshusha macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ni jasho la chumvi. Nikasema kweli leo kuna joto. Akaketi juu ya jiwe, kaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani, na akawa anatabasamu peke yake.

Zamu yangu. Jiwe limekauka, kulabu zinaning'inia, mawingu bado yako kwenye mkutano wao. Sijawahi kuuona Mgongo wa Kaa ukiwa umeandaliwa vizuri namna ile. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja simu ilipolia tena, nami, nikijiona mtu aliyetimiza wajibu wake mkubwa, nikapokea.

Meneja Tu hakuanza na salamu. Alinieleza kwamba pampu ya Tainan imezimika tangu asubuhi na haitaki kuwaka. Mafundi wa mteja wameshaizunguka pande zote. Wamekuta juu yake mraba mdogo usio na vumbi, mahali ambapo mpaka jana palikuwa na pakiti ya Tulia, na sasa hakuna anayekubali kuitia mkono mpaka pakiti nyingine ipatikane. Za kijani zimekwisha wilaya nzima. Mtu ameshatumwa na gari mpaka Chiayi. Na wa mwisho kuingia chumba kile, kwa bahati, nilikuwa mimi.

Nikasema labda ni panya.

"Panya," Meneja Tu akarudia. "Kwenye kiwanda ambacho mimi mwenyewe siruhusiwi kuingia na marashi."

Ndipo nikachagua njia ya elimu. Nikasimama juu ya jiwe, mguu mmoja kiatu, mwingine soksi, nikamhutubia. Nilimwambia bosi, sisi ni watu wa sayansi. Pampu haina macho. Haijui kijani, haijui nazi, haijui kusoma tarehe. Kuna chujio, kuna mafuta, kuna fani ya kupoza, waangalie fani. Nilikuwa naongea kwa nguvu, maana mawimbi yalikuwa yanapiga, na pia kwa sababu nilikuwa najisikia vizuri. Nikamalizia kwa sentensi ambayo mpaka leo naijua kwa moyo: "Bosi, hakuna pakiti ya mahindi duniani inayoweza kuamua mashine iwake au izime, wala mvua inyeshe au isinyeshe."

Habari ya mvua sijui niliitoa wapi. Hakuna aliyeniuliza juu ya mvua.

Nyuma yangu kulikuwa na sauti fulani. Kru. Kru, kru.

"Hiyo ni nini?" Meneja Tu akauliza.

"Mawimbi, bosi."

"Sawa, mtu wa sayansi," akasema. Nikausikia ule mshipa. Kisha akanijulisha kwamba fani wataangalia, na pakiti watabandika, yote mawili, kwa sababu yeye hana kiburi. Na akishamjua aliyeichukua ile ya kwanza, atamtuma Kumamoto akakae huko mpaka astaafu. Akakata.

Nikageuka. Yu-fen alikuwa ameegemea mwamba, miguu ameinyoosha, na pakiti ya Tulia ilikuwa mapajani mwake, wazi mpaka katikati. Kile kikaratasi cha usiguse amekibandika gotini. Alichukua kibisi kimoja, akakitazama, akakitia mdomoni. Kru.

Tone la kwanza likaniangukia juu ya soksi.

La pili likapiga mwamba, likaacha alama nyeusi kama sarafu. Nikatazama juu: mkutano wa mawingu ulikuwa umekwisha na wajumbe wote walikuwa wanakuja. Utabiri ulisema jioni, na bado hata chakula cha mchana hatujala. Kabla sijakitafuta kiatu cha pili Mgongo wa Kaa wote ulikuwa umegeuka mweusi na unang'aa, ufa wake mkavu, uliopanguswa kwa upendo, unatiririka kama bomba, na kulabu zangu zinaning'inia huko juu kwa ajili ya msimu ujao. Ilikuwa mvua ileile nyembamba, ya kibarua. Imeingia kazini, na mpaka machipuko hatoki mtu.

Wenye hekima hapo huvaa makoti na kwenda kunywa supu ya samaki. Mimi nilimgeukia Yu-fen.

"Dada, umefanya nini?"

"Nina njaa." Akainua kofia ya koti lake. "Nimepanda mwamba."

"Umeifungua. Ile haifunguliwi."

"Ilikuwa mahindi tu ulipokuwa unaongea na simu."

Nikamwambia asinibadilishie maneno. Nikamweleza masharti yote, moja moja, huku maji yananichuruzika puani: ya kijani, tarehe isipite, isifunguliwe, isiliwe. Nikamwonyesha kwamba asubuhi nzima ilipokuwa imefungwa mawingu yalikaa mbali kwa adabu, na mara tu aliporarua plastiki hayakungoja hata ameze. Nikamkumbusha miaka miwili. Nikamkumbusha ni nani aliyemwachia atangulie, kwa moyo safi. Nikamwambia kwamba yeye mwenzangu amepata lake na mimi langu amelila na nazi yake, na kwamba mvua hii, dada, tusidanganyane, umeileta wewe.

Yu-fen alinisikiliza mpaka mwisho. Ana subira hiyo. Amezoea watu wanaokuja dukani kumweleza jinsi walivyojitibu wenyewe. Akakunja mdomo wa pakiti isilowe, akakibandua kile kikaratasi gotini, akaja akanibandika kifuani, juu kabisa ya mfuko wa simu.

"Haya, injinia," akasema. "Kama mvua nimeileta mimi, basi mashine umeizima wewe. Simu hiyo hapo. Mpigie bosi umwambie."